Baba wa mtoto ameomba kibali cha mahakama asafiri naye nje ya nchi: nipinge, au niombe masharti?

Mama wa Mmoja

Wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na mashauri ya watoto, hasa pale mzazi mmoja anapotaka kuvuka mpaka na mtoto na mwenzake ana hofu.

Mimi na baba wa mtoto wetu tulitalikiana miaka minne iliyopita. Mtoto ana miaka saba na anaishi nami; baba yake humchukua mara mbili kwa mwezi, Ijumaa hadi Jumapili, pamoja na nusu ya kila likizo ya shule. Amri iliyotolewa wakati wa talaka ina kifungu kisemacho kwamba hakuna mzazi atakayemtoa mtoto nje ya nchi bila ridhaa ya maandishi ya mwenzake au kibali cha mahakama. Kwa miaka yote hii kifungu hicho hakikutusumbua, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kusafiri naye.

Mwezi uliopita baba yake, ambaye alizaliwa nchi nyingine na bado ni raia wa huko, aliniomba nimruhusu aende na mtoto kwa wiki tano akawaone wazee wake. Nilimkatalia kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja, kwa hasira, na ninajutia namna nilivyoandika. Sasa amewasilisha maombi mahakamani, nami nimepewa wiki tatu za kujibu kwa hati ya kiapo.

Hofu yangu ina sababu. Mkataba wake wa kazi umekwisha na hajapata mwingine, nyumba aliyokuwa amepanga ameirudisha kwa mwenyewe na sasa anaishi kwa rafiki, na mtoto alirudi siku moja akaniambia kwamba baba amemwonyesha picha za shule nzuri ya kule kwa bibi. Lakini sitaki kumsingizia mtu. Hajawahi kuchelewa kumrudisha mtoto hata kwa siku moja, matunzo huyatoa bila kukumbushwa, na wazazi wake ni watu wazima sana ambao hawajamwona mjukuu wao tangu akiwa mchanga.

Je, nikipinga moja kwa moja mahakama itaniona mama mwenye kisasi? Nikikubali, ni masharti gani yanayomlinda mtoto kwa kweli, na ni yapi ya kwenye karatasi tu? Na asiporudi, nitakuwa na njia gani ya kumpata?


Wakili wa Mashauri ya Familia

Dada, pole kwa wasiwasi huo. Umeandika mema ya mwenzako pamoja na mashaka yako, na hati ya kiapo yenye sura hiyo ndiyo jaji huiamini. Nimesimamia mashauri ya namna hii kwa miaka mingi na kwa pande zote mbili. Nitasema ya jumla. Wakili wako ndiye atakayeyapima kwa sheria ya nchi yenu.

Anza na kifungu chenyewe. Wazazi wengi hukichukulia kuwa marufuku, kumbe kazi yake ni kuhamisha uamuzi: ridhaa ikikosekana, jaji ndiye anayeamua. Baba wa mtoto amefuata njia hiyo hasa, na mahakama italihesabu jambo hilo kwa faida yake, kwa sababu aliyepanga kumtorosha mtoto kwa kawaida haanzi kwa kuieleza mahakama tarehe za safari. Ujumbe wako wa simu nao utaambatishwa kama kielelezo. Usisubiri usomwe na upande wa pili. Utaje wewe mwenyewe kwenye kiapo, useme uliandika ukiwa na hofu, kisha uonyeshe hofu hiyo imejengwa juu ya nini: kazi iliyokwisha, nyumba iliyorudishwa, picha za shule. Hayo ni matukio, na jaji anaweza kuyapima. Maneno kama "simwamini" hayapimiki.

Swali linaloamua mashauri haya kuliko mengine yote ni nini kitafuata iwapo mtoto hatarudishwa. Mahakama ya Rufani ya Uingereza imewaelekeza majaji, pale safari inapokuwa ya kwenda nchi isiyo mwanachama wa Mkataba wa Hague, yaani mkataba wa kimataifa wa kurejesha watoto waliotolewa nchini au kuzuiwa ugenini isivyo halali, wapime mambo matatu: uwezekano wa amri kuvunjwa, ukubwa wa madhara kwa mtoto ikivunjwa, na uimara wa kinga zilizowekwa. Maana yake ni kwamba uwezekano mdogo wa mtoto kutorudi hautoshi kumpatia mzazi kibali, ikiwa madhara yake ni ya kudumu na hakuna chombo upande wa pili kitakachoyarekebisha. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza wiki hii ni kujua kama nchi anayokwenda ni mwanachama wa Mkataba huo wa tarehe 25 Oktoba 1980, ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba 1983 na ambao sasa una nchi zaidi ya 100. Usiishie kuliona jina la nchi kwenye orodha. Nchi iliyojiunga baadaye bila kuwa miongoni mwa zilizoandaa Mkataba hufungamana tu na zile zilizotamka kuikubali, kwa mujibu wa Ibara ya 38, na nimewaona wazazi waliojua jambo hili wakiwa tayari wamechelewa. Tovuti ya Mkutano wa Hague, chombo cha kimataifa kinachosimamia Mkataba huo, ina jedwali linaloonyesha nani amemkubali nani.

Mkataba huo unamhusu mtoto aliye chini ya miaka 16. Lengo lake ni kumrejesha haraka katika nchi yenye makazi yake ya kawaida ili mahakama za huko ziamue mambo ya malezi. Mahakama inayoombwa kumrejesha haiulizi nani mzazi bora. Uwezo wako wa kukataa mtoto asitolewe nchini una uzito mkubwa ndani ya mfumo huo. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Abbott dhidi ya Abbott lililohusu mtoto aliyetolewa Chile na kupelekwa Texas, iliamua kwamba hata mzazi mwenye haki ya kumtembelea mtoto tu, akiwa pia na haki ya kuzuia asitolewe nchini, anahesabiwa kuwa na haki ya malezi kwa maana ya Mkataba. Wewe unayeishi na mtoto umesimama mahali imara zaidi.

Kuhusu masharti, yanayolinda ni yale yanayofanya kazi kabla ya ndege kuondoka. Amri itaje tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, anwani atakapofikia, na tiketi ya kwenda na kurudi iliyolipiwa. Tarehe ya kurudi isiandikwe "mwisho wa likizo", kwa sababu siku aliyotakiwa kurudi ndiyo siku ambayo kumzuia kunakuwa kosa, na kuanzia hapo muda wa Mkataba unahesabiwa. Omba amri iseme wazi kwamba makazi ya kawaida ya mtoto ni nchi mnayoishi na kwamba safari hii haiyabadilishi. Sharti lenye nguvu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni baba kupata kwanza amri inayofanana na hii kutoka mahakama ya nchi anayokwenda, ili ikitokea haja usiende kule na karatasi ya mahakama ya kigeni peke yake. Ikiwa nchi zote mbili ziko katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1996 kuhusu ulinzi wa watoto, amri ya kwenu inatambuliwa huko kwa nguvu ya sheria, na unaweza kuomba itamkwe hivyo mapema.

Mwisho, chunguza kama mtoto ana pasipoti ya pili. Zuio lililoandikwa juu ya pasipoti moja halimzuii mtoto mwenye mbili.


Baba wa Binti

Nimesoma kwa makini, na ninaomba niseme kwa niaba ya upande ambao mara nyingi huonekana wa hatari kabla haujafungua mdomo.

Nilikuwa chini ya zuio la kutosafiri na binti yangu kwa miaka mitatu. Lilitolewa kwa kusikiliza upande mmoja, kwa haraka, wakati wa mgogoro wa talaka, na sikulaumu hilo, kwa sababu mahakama haikunijua na haikuwa na muda wa kunijua. Kilichoniumiza ni kwamba amri haikuwa na tarehe ya mwisho wala siku ya kupitiwa upya. Sababu zake zilikwisha, lakini yenyewe iliendelea. Baba yangu alipougua, mama wa binti yangu, kwa wema ambao sitausahau, aliniandikia barua ya ridhaa na kuithibitisha mbele ya kamishna wa viapo. Tulifika uwanja wa ndege tukiwa na mizigo, na afisa akatueleza kwa upole kwamba katika mfumo wake jina la mtoto limezuiwa kwa amri ya mahakama, na kwamba barua ya mzazi haiwezi kuiondoa amri ya mahakama. Kinachoweza kuiondoa ni amri nyingine. Ilikuwa jioni ya Ijumaa. Nilimrudisha binti kwa mama yake nikasafiri peke yangu, na babu yake aliaga dunia bila kumwona.

Kwa hiyo dada, ukiomba masharti, omba pia yawe na mwisho. Omba amri iseme kwamba safari ikikamilika salama, safari ya pili itashughulikiwa kwa utaratibu mwepesi zaidi. Mzazi aliyefuata amri kwa uaminifu asipoona tofauti yoyote kati yake na aliyeivunja, atakosa sababu ya kuendelea kuwa mvumilivu.

Baadaye niliomba tena nami nikiwa nimejiandaa. Niliweka dhamana ya fedha mahakamani, nikaambatisha barua ya mwajiri inayoonyesha siku ya kurudi kazini, nikapata amri ya mahakama ya kule nilikokuwa nakwenda, na nikakubali kukabidhi pasipoti ya mtoto ndani ya siku tatu baada ya kurudi. Binti alizungumza na mama yake kwa video kila siku saa ile ile. Maombi hayo hayakuchukua hata kikao kizima, na tangu hapo tumesafiri mara nne. Dhamana yangu ilirudishwa yote.

Kuhusu picha za shule, nisamehe nikisema hili: mimi pia nilimwonyesha binti shule niliyosoma. Baba huonyesha watoto alikotoka. Inawezekana ni hilo tu, na inawezekana si hilo tu. Muulize kupitia wakili wako, ajibu kwa kiapo.


Mama wa Mmoja

Nawashukuru sana nyote wawili. Kaka Baba wa Binti, nimesoma habari ya mzee wako nikalazimika kuiweka simu pembeni kwa muda. Sikuwa nimefikiria kwamba amri ninayoomba leo inaweza kumfunga mtu hata siku ambayo mimi mwenyewe nitakuwa nimeridhia.

Nimeliangalia jedwali. Nchi anayokwenda ni mwanachama wa Mkataba wa mwaka 1980, na kati yake na nchi yetu Mkataba unatumika. Katika ule wa mwaka 1996 nchi hiyo haimo. Wakili wangu aliandika kwa wakili wake kuuliza mambo mawili. Kuhusu kazi, amejibu kwamba ana usaili mbili hapa hapa mwezi ujao, na ameambatisha barua za mialiko. Kuhusu pasipoti, amejibu kwa uaminifu, lakini jibu lenyewe limeninyima usingizi: mwaka jana alimwandikisha mtoto ubalozini kuwa raia wa kwao na akamchukulia pasipoti ya huko. Hakuniambia. Anasema alidhani ni haki ya mtoto na kwamba mimi ningelikuza jambo hilo.

Je, kuficha huku hakuonyeshi nia?


Mama Aliyesubiri

Dada yangu, mimi ni yule ambaye mtoto wake hakurudi, kwa hiyo nitakueleza ya upande wa pili wa swali lako, kwa sababu wengi hujifunza sehemu hii wakati imeshawagharimu.

Mwanangu alikwenda kwa wiki tatu kwa ridhaa yangu. Hatukuwa na amri yoyote, tulikuwa na maneno. Wiki ya tatu ilipoisha niliambiwa kwamba amepata homa. Halafu nikaambiwa amepata nafasi ya shule, amalizie muhula mmoja tu, lugha itamfaa maishani. Wazee wa pande zote waliniomba nisikimbilie mahakamani, nisiaibishe familia, nao walisema kwa nia njema. Nikajibu ujumbe mmoja baada ya mwingine: "Sawa, mradi yuko salama." Ujumbe huo niliuona tena miezi kadhaa baadaye ukiwa umetafsiriwa, umepigwa muhuri, na umewekwa mbele ya jaji wa kigeni kama ushahidi kwamba niliridhia mtoto abaki. Ibara ya 13 ya Mkataba inaruhusu mahakama ikatae kumrejesha mtoto ikiwa mzazi aliyebaki aliridhia au alikubali baadaye. Huruma yangu iliitwa ridhaa.

La pili ni muda. Ibara ya 12 inasema kwamba shauri likifunguliwa kabla ya mwaka mmoja kupita tangu mtoto alipotolewa au kuzuiwa isivyo halali, mahakama itaagiza arejeshwe mara moja, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mwaka ukipita, upande wa pili unaruhusiwa kuthibitisha kwamba mtoto amekwisha kuzoea mazingira mapya. Na shauri linalohesabiwa ni lile lililofunguliwa mbele ya chombo cha maamuzi cha nchi alipo mtoto. Mimi nilidhani kwamba kujaza fomu kwenye Mamlaka Kuu ya nchi yangu, ofisi ya serikali inayopokea maombi ya Mkataba huo, kumesimamisha saa, hadi wakili aliyeteuliwa kule aliponipigia simu na kuniambia tuna siku kumi na nane. Tuliwahi. Mkataba unataka mashauri haya yaendeshwe kwa haraka, na unataja wiki sita kama muda ambao baada yake mwombaji anaweza kudai maelezo ya kuchelewa, lakini letu lilipita hapo mbali.

Mwanangu alirudi. Siku niliyompokea aliniamkia kwa lugha ambayo siijui, akasita, akatafuta neno la kwetu na hakulipata. Alikuwa na miaka sita. Na amri ya kumrejesha haikumaliza kitu, kwa kuwa Mkataba wenyewe unasema si uamuzi juu ya malezi. Tulianza upya mahakamani kwetu, mimi na mtu ambaye sikuweza tena kumtazama usoni.

Sikuandiki haya ili ukatae safari. Naandika ili siku ya kurudi ikipita hata kwa siku moja, usijibu "sawa". Jibu kwamba hukubali, andika tarehe, na uende kwa wakili siku hiyo hiyo.


Afisa wa Ustawi wa Jamii

Nimefanya kazi ya kuzungumza na watoto kwa maelekezo ya mahakama katika mashauri ya malezi, na nina jambo ambalo halijaguswa.

Mtoto wa miaka saba amekwisha kusikia neno moja kutoka kwa baba kuhusu shule, na amelileta kwa mama. Naamini dada hukumtuma kuchunguza. Lakini tangu siku ile, akiona uso wako unabadilika, amejua kwamba habari za kwa bibi zina uzito, na ataanza kuchagua cha kusema na cha kuficha katika nyumba zote mbili. Usimuulize zaidi. Ikihitajika kujua anachokifikiri, Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa nafasi ya kusikilizwa kwa kadiri ya umri na upevu wake, na mahakama ina watu wa kazi hiyo ambao hawamlazimishi kuchagua upande. Mkataba huo huo, katika Ibara ya 10, unatambua kwamba mtoto ambaye wazazi wake wanaishi nchi tofauti ana haki ya kudumisha uhusiano na mawasiliano ya moja kwa moja nao wote, isipokuwa katika hali za pekee. Baba yake akipata kazi nyingine mbali siku moja, ibara hiyo itawahusu ninyi moja kwa moja, kwa hiyo namna mnavyoiendesha safari hii ya kwanza ni maandalizi ya mengi.

Kwa vitendo: wiki tano kwa mtoto ambaye hajawahi kutengana na mama yake zaidi ya nusu ya likizo ni nyingi. Hiyo ni hoja halali kabisa isiyomtuhumu mtu yeyote. Pendekeza muda mfupi zaidi, na useme sababu ni umri wake. Pia omba saa za kupiga simu ziandikwe kwenye amri, na mtoto aachiwe azungumze bila mtu kukaa pembeni yake, iwe huku au huko.


Wakili wa Mashauri ya Familia

Narudi kwa ajili ya swali la pasipoti.

Dada, kuificha pasipoti ni jambo baya na jaji ataambiwa, ila usilipe uzito usio wake. Kumwandikisha mtoto uraia wa mzazi wake ni jambo ambalo sheria za nchi nyingi zinaliruhusu, na aliyeulizwa akajibu ukweli ndani ya siku chache amekupa kitu cha kufanyia kazi. Badala ya kukifanya ushahidi wa nia mbaya, kitumie kama sababu ya masharti mahususi: pasipoti zote mbili zikabidhiwe mahakamani au kwa mawakili sasa hivi, mtoto asafiri kwa moja iliyotajwa kwa namba, na baba aape kwamba hataomba nyingine wala hataripoti kwamba imepotea. Wakili wako pia auandikie ubalozi akiambatisha amri. Ubalozi haufungwi na mahakama ya nchi yenu, lakini mara nyingi huweka barua hiyo kwenye jalada la mtoto.

Usiegemee sana mpakani. Kila nchi ina utaratibu wake. Ufaransa, jaji wa familia anaweza kupiga marufuku mtoto asitoke bila ruhusa ya wazazi wote wawili, na kwa dharura kuna zuio la kiutawala la siku 15 linalompa mzazi nafasi ya kufika kwa jaji. Australia ina orodha ya uangalizi inayosimamiwa na polisi wa shirikisho, ambayo jina la mtoto huingizwa kwa msingi wa amri au maombi yaliyofunguliwa mahakamani. Marekani huhitaji ridhaa ya wazazi wote kwa pasipoti ya mtoto aliye chini ya miaka 16, na ina mpango wa kumtahadharisha mzazi pasipoti inapoombwa, lakini mpango huo haufiki kwenye pasipoti za nchi nyingine. Na mahali popote penye mpaka wa nchi kavu usio na ulinzi wa kutosha, orodha ya uwanja wa ndege haisaidii.

Nakubaliana na Baba wa Binti kuhusu ukomo wa amri, na naongeza kwamba mtu anayepewa kibali abebe nakala iliyothibitishwa ya amri yenyewe. Kuhusu dhamana sikubaliani naye kikamilifu. Inamtisha mwenye fedha kidogo na haimtishi mwenye nazo, kwa hiyo mahali inapofaa zaidi ni kama mfuko wa gharama za mzazi aliyebaki, za wakili na nauli, endapo atalazimika kumfuata mtoto. Ikiandikwa kwa lugha hiyo, majaji huielewa haraka.

Na kwa Mama Aliyesubiri, pole sana. Uliyosema kuhusu saa ni kweli kuliko watu wanavyotaka kuamini. Mwaka 2014, katika shauri la Lozano dhidi ya Montoya Alvarez, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuurefusha mwaka huo mmoja hata pale ambapo mtoto alikuwa amefichwa na mzazi aliyebaki hakujua alipo.


Mama wa Mmoja

Nimewasilisha kiapo changu jana. Nimeandika kwamba sipingi mtoto kuwaona bibi na babu yake, kwamba ujumbe wangu wa kwanza uliandikwa kwa hofu, na nimeyataja yote yanayonitia mashaka pamoja na yote yanayomsemea vema baba yake. Nimeomba safari iwe ya wiki tatu, yenye tarehe mbili zilizotajwa, pasipoti zote mbili ziwe kwa mawakili hadi siku ya kuondoka na zirudi huko siku tatu baada ya kurejea, simu kila jioni, dhamana ya fedha, na amri ya mahakama ya kule ipatikane kabla ya kuondoka. Nimeomba pia amri ikome atakaporejea, na safari nyingine ishughulikiwe kwa barua kati yetu kwanza.

Wakili wake amejibu leo asubuhi. Amekubali wiki tatu na pasipoti. Dhamana ameikataa kwa sababu hana kazi, nami nimeiondoa, kwa sababu ni kweli hana. Kilichobaki ni ile amri ya kule: anasema haipatikani kabla ya likizo kuanza, na likizo inaanza baada ya siku kumi na sita. Mimi sitaki kulilegeza hilo, na wakili wangu anasema tunaweza kuomba tarehe ya kuondoka icheleweshwe badala ya kuliacha sharti lenyewe. Kikao ni Jumatatu.

Kama kuna aliyewahi kuipata amri ya namna hiyo kwa makubaliano ya pande zote mbili, naomba aniambie ilimchukua siku ngapi tangu kufungua maombi, na ni nyaraka gani zilizodaiwa kutafsiriwa, ili niwape mawakili wote wawili kabla ya Jumatatu.